Mvua ya Kwanza na Mtoto Wako: Namna ya Kumfundisha Mtoto Mdogo Kuyapenda Mazingira

Mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, bibi mmoja alitupigia simu katikati ya kipindi cha asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba akatuambia hakupiga kuchagua wimbo wala kutuma salamu. Alikuwa na swali la mjukuu wake wa miaka sita. Mtoto huyo alikuwa amefungua daftari la dada yake wa shule ya msingi, akakuta michoro ya majira manne ya mwaka: mchoro wenye theluji, wenye maua, wenye jua kali, na wenye majani yanayodondoka. Akaweka kidole kwenye ule wa maua na kumuuliza bibi yake utafika lini kijijini.

"Mimi nimekaa hapa miaka sabini sijaiona hiyo," bibi akasema. "Lakini ninyi wa redio mnasoma mengi. Nimwambie nini, wanangu?"

Studio nzima tulicheka, halafu tukanyamaza. Kila mwaka tunasoma utabiri wa mvua, tunazungumzia mbegu na mbolea, tunahimiza watu wapande miti. Lakini hatukuwahi kukaa na kufikiri namna ya kumweleza mtoto wa miaka sita kinachotokea nje ya mlango wake pale nchi inapogeuka kutoka ukame kwenda kijani. Tulimwahidi bibi kwamba tutajibu. Makala haya ndiyo jibu letu kwake, na kwa kila mzazi na mlezi anayetusikiliza huku Tabora na mikoa ya jirani.

Jibu fupi ni hili: majira hayo yanakuja, bibi, ila kwetu hayaji na theluji kuyeyuka. Yanakuja na mvua ya kwanza. Na hakuna wakati mzuri zaidi wa kumfundisha mtoto mdogo kuyapenda na kuyatunza mazingira kuliko wiki chache kabla na baada ya mvua hiyo.

Kwa nini wenzetu wana majira manne?

Tuanze na daftari la dada. Michoro ile si ya uongo. Ni ya nchi zilizo mbali na ikweta, kama Uingereza, Ujerumani au Urusi. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama kidogo, kwa nyuzi 23.5. Kwa sababu hiyo, kwa miezi kadhaa upande wa kaskazini huwa umeelekea jua zaidi, halafu miezi mingine ni zamu ya upande wa kusini. Jijini London mchana wa mwezi Juni unafika saa 16 na nusu. Mwezi Desemba mchana huohuo haufiki hata saa 8. Baridi ikizidi, mimea inalala. Kuanzia Machi siku zinarefuka, ardhi inapata joto na miti inatoa majani mapya. Hayo ndiyo majira ya kuchipua, yale ya mchoro wenye maua.

Kwetu mambo ni tofauti. Tabora iko karibu na ikweta, nyuzi 5 hivi kusini yake. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haizidi dakika 40. Mimea yetu hailazwi na baridi, inalazwa na kiu. Kinachoiamsha ni maji.

Na maji hayo nayo yanalifuata jua. Jua linapokuwa juu ya utosi katika eneo fulani, ardhi inapata joto sana, hewa yenye unyevu inapanda juu, na pepo za kaskazini na za kusini zinakutana. Hapo ndipo mawingu ya mvua hujengeka. Ukanda huo wa mvua unasafiri kwenda kaskazini na kusini kila mwaka ukilifuata jua, kwa kuchelewa kidogo. Unapita juu ya baadhi ya maeneo ya nchi yetu mara mbili, na ndiyo maana wenzetu wa pwani na kaskazini wana vuli na masika. Huku kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua za msimu, zinazoanza Novemba na kuisha Aprili. Wazee wetu wanakiita kipindi hicho kifuku.

Hili unaweza kumwonyesha mtoto bila kitabu. Mwanzoni mwa Oktoba, msimamishe uwanjani kati ya saa sita na saa saba mchana. Mwambie atafute kivuli chake. Atakikuta kimejikusanya chini ya miguu yake kama paka aliyelala. Jua liko juu ya kichwa chake hasa, na hutokea hivyo tena mwanzoni mwa Machi. Mwambie: "Jua limefika kwetu. Sasa tuingoje mvua, ipo njiani." Mtoto aliyekiona kivuli chake kikipotea hasahau.

Dalili za kumwonyesha

Mtoto wa miaka mitatu hadi minane hafundishwi mazingira kwa hotuba. Neno lenyewe "mazingira" kwake ni kubwa mno. Anachokielewa ni kitu kimoja kinachotembea, kinachonuka, kinacholia au kinachoota. Kwa bahati nzuri, majira yetu ya kuchipua yana vitu vya namna hiyo vingi.

Cha kwanza ni miti ya pori la miombo. Watu wengi hudhani miti hungoja mvua ndipo itoe majani. Nenda na mtoto pembeni ya pori mwishoni mwa Septemba au Oktoba, mvua haijanyesha hata tone, vumbi tele. Utakuta miyombo imeanza kuvaa majani mapya, na si ya kijani, bali mekundu na ya rangi ya shaba. Mizizi ya miti hii inakwenda chini sana, kwenye unyevu uliobaki, na shina lenyewe limeweka akiba ya maji. Wekundu ule husaidia kulikinga jani changa na jua kali kabla halijakomaa. Mwambie mtoto kwamba mti nao huweka akiba, kama mama anavyoweka mahindi ghalani. Na maua ya miti hii ndiyo yanayowalisha nyuki wanaotupatia asali ambayo Tabora inasifika nayo.

Mwonyeshe na mninga. Tunda lake ni duara kama kisahani, lina miba katikati, na hubaki limening'inia mtini hata majani yanapokuwa yamekwisha. Mtoto akiliokota moja na kulirusha litazunguka na upepo. Hapo mwulize: "Unadhani kwa nini mti umelipa tunda lake mabawa?" Mwache afikiri. Usimjibu haraka.

Cha pili ni mbayuwayu. Kuanzia Septemba na Oktoba utawaona wengi wamekaa kwenye nyaya au wakiruka chini chini wakikamata wadudu. Baadhi yao wametoka Ulaya. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vitano vya chai vya sukari, lakini anavuka bahari na jangwa la Sahara kuja kwetu kukimbia baridi. Ikifika Machi na Aprili anarudi. Huko Ulaya mtoto akimwona mbayuwayu anajua majira ya kuchipua yamefika. Kwa hiyo yule ndege aliye kwenye waya wa kijijini ndiye anayeubeba ule mchoro wa maua wa kwenye daftari. Mtoto wako akimpiga manati, kuna mtoto mwingine mbali sana atakayemngoja bila kumwona.

Cha tatu ni kumbikumbi. Hao mtoto hahitaji kuonyeshwa, atakuita yeye. Baada ya mvua za mwanzo wanatoka kwenye vichuguu kwa maelfu, wanazunguka kwenye taa, wanadondosha mabawa, na asubuhi tunawakaanga. Jambo ambalo watoto wengi hawaambiwi ni kwamba ile ni harusi. Kila kumbikumbi anayeruka anatafuta mwenzake. Wawili wakishakutana wanadondosha mabawa, dume linamfuata jike, wanachimba ardhini na kuanza kichuguu kipya wakiwa mfalme na malkia. Wanaofanikiwa ni wachache sana. Kuku, vyura, ndege na sisi tunawala wengine. Mruhusu mtoto aokote na ale, ni chakula kizuri chenye mafuta na protini. Lakini siku moja mwambie asimguse kumbikumbi mmoja aliyekwishadondosha mabawa, amfuate kwa macho tu mpaka aingie ardhini.

Cha nne ni vyura. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza wanapiga kelele mpaka mtu unakosa usingizi. Wanaolia ni madume, wanawaita majike. Siku chache baadaye, kwenye dimbwi, utaona mayai yao yameshikana kama ute wenye vitone vyeusi, kisha viluwiluwi wa chura wenye mikia. Aina nyingine ya chura hutaga ndani ya povu jeupe analolining'iniza kwenye tawi lililo juu ya maji, ili viluwiluwi wakianguliwa wadondoke moja kwa moja dimbwini. Watoto wengi hudhani povu lile ni mate ya nyoka na wanalipiga mawe. Ukimwambia ni kitanda cha watoto wa chura, mkono wake utashuka wenyewe.

Hapohapo mfundishe kutofautisha. Viluwiluwi wa mbu ni wadogo, wembamba, wanajinyonganyonga na kupanda juu ya maji kuvuta hewa. Hao wakiwa kwenye kopo au tairi karibu na nyumba tunawamwaga, maana mbu analeta malaria. Kuwatunza viumbe si kufuga kila kitu. Ni kujua kipi ni kipi.

Kosa letu la mwezi Juni

Sasa tuseme jambo ambalo hatulisemi kwa fahari.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 5 Juni mwaka 1972 kuwa Siku ya Mazingira Duniani. Ni siku njema, nasi huitangaza kila mwaka. Miaka michache iliyopita tuliamua kufanya zaidi ya kutangaza. Tulikwenda kwenye shule moja na vipaza sauti na miche 60. Watoto wa darasa la awali na la kwanza walipanda wakiimba, wageni wakahutubia, picha zikapigwa. Kila mtu alirudi nyumbani amefurahi.

Hesabu yake ni rahisi. Juni kwetu mvua imekwishakata tangu Aprili, na nyingine haitarajiwi hadi Novemba. Kisima cha shule ile kilikuwa mbali. Tuliporudi Agosti kurekodi kipindi kingine tulikuta vijiti vikavu 60, vingine vimeguguwa na mbuzi. Mtoto mmoja alitusalimia kwa adabu, halafu akauliza kama tumekuja kupanda tena na kupiga picha.

Hakuwa anatukejeli. Hilo ndilo alilojifunza kwetu: kupanda mti ni wimbo, mgeni na picha, halafu mti unakufa na hakuna anayeuliza. Tungekaa kimya kabisa ingekuwa heri. Mtoto anajifunza kwa kile anachokiona kikiendelea baada ya watu wazima kuondoka.

Tangu siku hiyo tumebadili namna tunavyosema redioni. Tarehe 5 Juni tunazungumza, lakini hatupandi. Siku ya mazingira ya mtoto wa huku ni siku ya mvua ya kwanza. Na kabla ya kumpa mche, kuna kitu chepesi zaidi cha kumpa.

Ngitili ya mtoto

Wasikilizaji wetu Wasukuma wanalijua neno ngitili. Ni utaratibu wa zamani wa kulitenga eneo la malisho mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi na miti ipate kukua, halafu lifunguliwe wakati wa kiangazi kikali. Huko Shinyanga, miti mingi ilikatwa katika karne iliyopita, kwanza ili kumfukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na tumbaku, kuni na malisho. Ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mradi ule uliwarudisha watu kwenye ngitili zao, na ndani ya miaka isiyofika ishirini zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na miti na nyasi.

Miti mingi kati ya hiyo haikupandwa na mtu. Ilitoka kwenye mizizi na visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi, na kwenye mbegu zilizokuwa zimelala. Ilihitaji tu kuachwa ikapumua. Siku hizi njia ya kuvilea visiki hivyo inajulikana sana kwa jina la kisiki hai.

Tunachokipendekeza ni kumpa kila mtoto, au kila darasa la awali, ngitili yake ndogo. Fanya hivi:

Chagua kipande cha ardhi chenye hatua nne kwa nne za mtu mzima. Kiwe mbali kidogo na nyumba, si mlangoni, kwa sababu nyasi ndefu karibu na nyumba hukaribisha nyoka. Kikiwa na kisiki au kichaka kilichokatwa, ni bora zaidi.

Kabla ya mvua, kizungushie matawi ya miiba ili mbuzi na kuku wasiingie. Mtoto asaidie kubeba matawi mepesi. Mwambie hapa hatulimi, hatufagii, hatuchomi moto mpaka kifuku kiishe.

Pembeni yake pima kipande kingine cha ukubwa uleule, ukiache wazi kama kilivyo. Hicho ndicho cha kulinganisha.

Kila wiki, siku ileile, nendeni mkakague. Mtoto asiyejua kuandika aweke jiwe moja kwa kila aina ya jani analoliona jipya. Anayejua achore. Hahitaji majina bado.

Majina mwachie babu au bibi. Mpeleke mtoto na jani mkononi akaulize linaitwaje kwa lugha ya nyumbani, linatibu nini, mnyama gani analila. Hapa ndipo kuna jambo linalotuumiza. Sisi wenyewe tunaoandika haya, tulio kwenye miaka ya thelathini, tunajua majina ya miti michache kuliko mama zetu, na mama zetu walijua machache kuliko bibi zetu. Jina likishapotea, mti unabaki "kichaka tu", na kichaka tu kinakatwa bila mtu kujiuliza.

Kufikia Januari tofauti itaonekana. Upande wenye miiba utakuwa na nyasi, maua, machipukizi ya kisiki, vipepeo na panzi. Upande wa pili utakuwa umetafunwa na kukanyagwa. Hutahitaji kuhutubia. Mwulize mtoto tu: "Umeona nini?"

Umri gani, kazi gani

Wa miaka mitatu na minne: mpe kazi ya kugusa na kunusa. Harufu ya udongo ulionyeshewa, ukali wa gome la mti, ulaini wa jani changa. Mpe pia mche mmoja wa mpapai au kitalu cha mchicha awe anaumwagilia kwa kikombe chake. Usimpe ndoo, atachoka na kuichukia kazi.

Wa miaka mitano na sita: mpe maharage. Kata chupa ya plastiki, pachika kitambaa kibichi kuzunguka ndani, weka maharage manne kati ya kitambaa na chupa ili ayaone. Baada ya siku tatu hadi tano mzizi utatoka, kabla ya jani. Hapo igeuze chupa juu chini. Baada ya siku mbili ataona mzizi umejikunja kuelekea chini tena. Mbegu inajua chini ni wapi hata ikiwa gizani. Watoto hawaamini mpaka waone, na wakishaona watamwita kila mgeni aje atazame.

Wa miaka saba na minane: mfundishe kwa nini udongo unakimbia. Toboa matundu madogo kwenye kitako cha kopo. Tafuta mteremko mdogo wenye nyasi na mwingine ulio wazi. Jaza maji kwenye kopo, yamwagike kwa matundu kama mvua, kwanza penye nyasi, kisha penye wazi, huku bakuli likiwa chini kukinga yanayotiririka. Maji ya penye nyasi yatatoka karibu meupe na kidogo. Ya penye wazi yatatoka mengi na mekundu. Mwambie: "Wekundu huo ni ugali wa mwaka kesho unaokwenda mtoni." Huyu ndiye mtoto ambaye kesho hatakubali shamba lichomwe moto kabla ya kulima.

Usimvunje moyo kwa jibu

Watoto wanauliza. Kwa nini mvua inanyesha? Mchwa wanakula nini? Chura analala wapi kiangazi? Wazazi wengi, kwa uchovu, tunajibu "acha maswali" au "Mungu ndiye kapanga", tukafunga mlango. Anayeamini Mungu amepanga anaweza kuongeza: "Haya, twende tukaone alivyopanga." Na usilolijua, sema hulijui, halafu mtafute jibu pamoja.

Kumbuka habari ya Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Akiwa mtoto mdogo huko Nyeri alikuwa akitumwa maji kwenye kijito karibu na kwao. Alikuta mayai ya chura majini, akadhani ni shanga, akajaribu kuyaokota avae, kila mara yakamponyoka vidoleni. Baadaye akaona viluwiluwi wakiogelea. Mama yake alikuwa amemwambia asiokote kuni kwenye mti mkubwa wa mkuyu uliokuwa karibu na hapo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Miaka ikapita, mti ukakatwa, na kijito kikakauka. Kitu alichokiona utotoni ndicho kilichomfanya aelewe alichokipoteza akiwa mtu mzima. Mwaka 1977 alianzisha harakati za Green Belt, zilizopanda mamilioni ya miti pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipokuwa akiipokea alikizungumzia kijito kile na mayai yale ya chura.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini hapa hatumkunji mtoto kwa kiboko. Mtoto aliyepigwa kwa kukata mti anajifunza kukata usiku. Aliyeulea mti anausimamia.

Tahadhari kabla ya kutoka nje

Furaha ya mvua ina hatari zake, na mtoto mdogo hazijui. Radi zikianza, mwingize ndani ya nyumba, asijikinge chini ya mti. Korongo lililo kavu asubuhi linaweza kushuka mafuriko mchana kwa mvua iliyonyesha mbali, hivyo asicheze ndani yake. Uyoga aangalie, lakini asiuchume bila mtu mzima anayeujua, kwani kuna wenye sumu ya kuua. Kwenye nyasi avae viatu vilivyofunika miguu, na atangulize fimbo, si mkono. Asinywe maji ya dimbwi. Akimaliza, anawe kwa sabuni.

Kabla ya Novemba

Bibi yule tulimpigia simu baada ya wiki moja kumpa jibu. Tulipomweleza habari ya miombo mekundu, kumbikumbi na vyura, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kumbe ndiyo hiyo! Hiyo naijua tangu mtoto. Nilidhani mnataka ile ya kwenye daftari."

Tumelifikiria sana jibu lake. Anayo elimu yote ambayo mjukuu wake anaihitaji, lakini aliamini si elimu kwa sababu haikuwa kwenye daftari. Vijijini kwetu kuna mababu na mabibi wengi wa namna hiyo, na watoto wengi wanaokua pembeni yao bila kuwauliza.

Kwa hiyo, mzazi, mlezi na mwalimu wa awali, mvua haijafika. Kata matawi machache ya miiba, pima hatua nne kwa nne, na mwambie mtoto hapo ni pake. Wingu la kwanza likitanda, mtoe nje akanuse. Ikifika Januari, mpe simu atusimulie mwenyewe amehesabu majani ya aina ngapi. Tutampa nafasi hewani, na bibi yake pia, ayataje majina.